Kongo: Kiti cha Mkuu wa Majeshi na hofu ya watawala

Jioni ya tarehe 19 Disemba mwaka 2024, televisheni ya taifa ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilitangaza uamuzi wa Rais Félix Tshisekedi wa kuubadilisha uongozi wa juu wa jeshi. Jenerali Christian Tshiwewe, aliyekuwa Mkuu wa Majeshi kwa miaka miwili na miezi michache, aliondolewa, na nafasi yake ikakabidhiwa Jenerali Jules Banza Mwilambwe. Siku 39 baadaye, tarehe 27 Januari 2025, waasi wa M23 waliingia katika mji wa Goma. Gavana wa kijeshi wa Kivu Kaskazini, Meja Jenerali Peter Cirimwami, alikuwa ameuawa siku chache kabla, karibu na mstari wa mbele wa vita. Katikati ya mwezi Februari Bukavu nayo ikaanguka, na makumi ya maelfu ya watu wakavuka mto Rusizi kwenda kutafuta hifadhi nchini Burundi.

Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wamesema mara kadhaa kwamba Rwanda ina wanajeshi wanaopigana bega kwa bega na M23. Kigali imekuwa ikisema kwamba inachukua hatua za kujilinda. Hata hivyo, msaada wa nje peke yake hautoshi kueleza kwa nini nchi kubwa yenye watu wapatao milioni 100 hushindwa kuilinda mipaka yake, wala kwa nini kila vita inapoiendea vibaya Kinshasa humwondoa jenerali mmoja na kumweka mwingine, na matokeo yakabaki yale yale. Sehemu ya jibu imo katika historia ya kiti chenyewe. Tangu mwaka 1960 watawala wa Kongo wamekuwa na sababu ya kumhofu mtu anayekikalia, na kwa sababu hiyo wamekinyima nguvu ambazo nchi ilizihitaji.

Jeshi lisilo na ofisa mwananchi

Kongo ilipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960, jeshi lake lilikuwa lile lile lililoanzishwa katika enzi ya Mfalme Leopold wa Pili, lililojulikana kwa jina la Force Publique. Lilikuwa na askari wapatao 25,000 na maofisa wapatao 1,000, na maofisa hao wote walikuwa Wazungu. Hakuna Mkongo hata mmoja aliyekuwa amepewa cheo cha ofisa. Kamanda wake, Luteni Jenerali Émile Janssens wa Ubelgiji, hakuona haja ya kuharakisha mabadiliko. Tarehe 5 Julai, siku tano tu baada ya sherehe za uhuru, aliwakusanya wasaidizi wake na kuandika ubaoni kwamba mambo baada ya uhuru yatakuwa sawa na yalivyokuwa kabla ya uhuru.

Siku hiyo hiyo askari waliasi, kwanza katika kambi za Leopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, na za Thysville, ambayo leo ni Mbanza-Ngungu. Waziri Mkuu Patrice Lumumba alimwondoa Janssens, na serikali yake ikaamua kulikabidhi jeshi kwa wananchi kwa siku chache, jambo ambalo Ubelgiji haikuwa imelianza kwa miaka mingi. Victor Lundula, aliyewahi kuwa askari wa cheo cha chini wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, alipandishwa kuwa jenerali na kamanda mkuu. Joseph-Désiré Mobutu, sajenti wa zamani aliyeacha jeshi mwaka 1956 akawa mwandishi wa habari, alipewa cheo cha kanali na kuwa mnadhimu mkuu.

Lundula hakuwapo katika mji mkuu wakati wa uteuzi huo, alikuwa Katanga. Katika siku zile za mwanzo, ambapo kila kambi ilikuwa ikingoja kujua itamtii nani, aliyekuwa karibu na askari wa Leopoldville, na aliyewafikishia malipo yao, alikuwa Mobutu. Hapo ndipo madaraka halisi ya kiti hicho yalipoonekana kwa mara ya kwanza. Hayakutokana na hati ya uteuzi, bali na mkono uliogawa mshahara.

Siku iliyowafundisha watawala kuogopa

Tarehe 5 Septemba 1960 Rais Joseph Kasavubu alitangaza kumfukuza Lumumba, naye Lumumba akatangaza kumfukuza Kasavubu. Tarehe 14 mwezi huo huo Kanali Mobutu alitangaza redioni kwamba jeshi linawaweka kando wanasiasa wote hadi mwisho wa mwaka. Alikuwa na umri wa miaka 29. Lundula aliondolewa, na Mobutu akawa kamanda mkuu. Lumumba alikamatwa na wanajeshi wa mtu aliyemteua mwenyewe, akapelekwa Katanga na kuuawa huko tarehe 17 Januari 1961.

Miaka mitano baadaye, tarehe 24 Novemba 1965, Mobutu alichukua mamlaka yote moja kwa moja, akiahidi kuyashika kwa miaka mitano tu. Alitawala kwa zaidi ya miaka 31.

Tukio hilo la 1960 halikumalizikia kwa Lumumba. Kila rais aliyefuata Kinshasa alijua kwamba mkuu wa majeshi aliwahi kuipindua serikali iliyompa cheo chake. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Aliyeshtuka kuliko wote alikuwa Mobutu mwenyewe, maana hakuna aliyefahamu vizuri kuliko yeye njia inayotoka makao makuu ya jeshi hadi ikulu.

Jeshi mbili ndani ya nchi moja

Baada ya kuingia ikulu, Mobutu alimwachia uongozi wa jeshi Jenerali Louis Bobozo, ambaye alibaki katika wadhifa huo hadi alipoondolewa mwaka 1972. Baadaye majenerali walipokezana nyadhifa bila yeyote kuachwa akajijengea ufuasi wake mwenyewe. Maofisa waliotuhumiwa kupanga njama walihukumiwa na mahakama za kijeshi, na mwaka 1978 kadhaa kati yao waliuawa kwa hukumu hizo. Mobutu alijipa cheo cha marshali mwaka 1982. Zaidi ya hayo, alijenga Kitengo Maalumu cha Rais, kilichojaa watu wa eneo lake la Ikweta na kuongozwa na jamaa yake, Jenerali Nzimbi Ngbale. Kitengo hicho kilipewa silaha bora na mishahara iliyolipwa kwa wakati, ilhali jeshi la kawaida lilidhoofika.

Gharama ya utaratibu huo ilidhihirika mapema. Waasi wa Katanga walipovuka kutoka Angola na kuingia jimbo la Shaba mwaka 1977, nchi iliokolewa na wanajeshi wa Morocco waliosafirishwa kwa ndege za Ufaransa. Waliporudi mwaka 1978 na kuuteka mji wa Kolwezi, ilibidi askari wa miamvuli wa Ufaransa na Ubelgiji watumwe. Mwezi Septemba 1991 askari ambao hali yao ya malipo ilikuwa imezorota walianza kupora Kinshasa. Mwezi Januari 1993 waliipora tena, baada ya kulipwa kwa noti mpya za zaire milioni tano ambazo wafanyabiashara walikataa kuzipokea.

Mwishoni mwa mwaka 1996, wakati waasi wa Laurent-Désiré Kabila wakisonga kutoka mashariki, Mobutu alimwondoa Jenerali Eluki Monga na kumkabidhi jeshi Jenerali Donatien Mahele, ofisa aliyesifika kwa ujasiri vitani. Ilikuwa kuchelewa. Mahele alipewa jeshi lisilolipwa, lisilo na usafiri na lisilojua amri inatoka wapi. Alipoona mji mkuu hauwezi kuokolewa, alitafuta njia ya kuuepusha na umwagaji damu. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Mei 1997 alikwenda katika kambi ya Tshatshi kuwatuliza walinzi wa rais, nao wakamwona msaliti na kumuua. Mkuu wa Majeshi wa Zaire hakufa mikononi mwa adui. Aliuawa na kikosi kilichoundwa ili mkuu wa majeshi asiwe na nguvu.

Mkuu wa majeshi kutoka ng'ambo ya mpaka

Laurent-Désiré Kabila alipoingia madarakani alikutana na tatizo lile lile kwa sura nyingine. Ushindi wake ulikuwa umetokana kwa kiasi kikubwa na majeshi ya Rwanda, na mtu aliyeongoza jeshi jipya la Kongo alikuwa ofisa wa Rwanda, James Kabarebe. Kwa zaidi ya mwaka mmoja, raia wa nchi jirani alikuwa na ufunguo wa ghala za silaha, ramani za kambi na orodha ya vikosi vya Kongo.

Mwezi Julai 1998 Kabila alimwondoa Kabarebe, akamweka Célestin Kifwa, mtu wake wa karibu, na kuwaamuru wanajeshi wa Rwanda waondoke nchini. Tarehe 2 Agosti vita vikaanza upya mashariki. Siku mbili baadaye Kabarebe aliongoza wanajeshi waliosafirishwa kwa ndege kutoka Goma hadi kambi ya Kitona, karibu na pwani ya Atlantiki, ili kuishambulia Kinshasa kutoka magharibi. Mji mkuu uliokolewa na majeshi ya Angola na Zimbabwe.

Kwa wananchi wa Kongo jeraha hilo halijapona. Ndiyo sababu suala la kuwaingiza waasi wa zamani katika jeshi la taifa huamsha hasira kubwa katika mitaa ya Kinshasa, na ndiyo sababu kila mazungumzo ya amani yamekwama mahali hapo hapo: nani atamwamuru nani. Laurent-Désiré Kabila aliuawa na mlinzi wake mwezi Januari 2001. Aliyemrithi ni mwanawe Joseph, aliyekuwa mkuu wa jeshi la nchi kavu. Kwa mara nyingine tena, njia ya kwenda ikulu ilikuwa imepitia jeshini.

Wakuu saba tangu 2003

Makubaliano ya amani yaliyohitimisha vita hivyo yalizaa mwaka 2003 jeshi linalojulikana hadi leo kwa kifupi cha FARDC. Vikundi vilivyokuwa vikipigana vilitakiwa kuunganishwa chini ya amri moja, na vyeo viligawanywa kwa kufuata uzito wa kila upande. Tangu wakati huo kiti cha Mkuu wa Majeshi kimekaliwa na watu saba: Liwanga Mata, Kisempia Sungilanga, Dieudonné Kayembe, Didier Etumba, Célestin Mbala, Christian Tshiwewe na sasa Jules Banza Mwilambwe.

Tarehe za mabadiliko hayo zinajieleza. Kisempia aliletwa mwezi Juni 2004, wakati Bukavu ilipokuwa imetoka kutekwa na maofisa walioasi. Etumba aliletwa mwezi Novemba 2008, wapiganaji wa Laurent Nkunda walipokuwa wamefika kwenye viunga vya Goma. Tshiwewe aliteuliwa mwezi Oktoba 2022, miezi minne hivi baada ya M23 kuuteka mji wa mpakani wa Bunagana. Banza aliteuliwa wakati Goma ikiwa karibu kuzingirwa. Mkuu mpya huja vita vikiwa tayari vimeharibika, na huondoka vikiharibika tena.

Etumba peke yake alidumu karibu miaka kumi. Lakini ni katika kipindi chake kwamba M23 iliuteka Goma kwa mara ya kwanza, tarehe 20 Novemba 2012. Siku mbili baadaye aliyesimamishwa kazi ni kamanda wa jeshi la nchi kavu, Jenerali Gabriel Amisi, baada ya ripoti ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa kumhusisha na uuzaji wa silaha kwa makundi ya waasi. Mwaka 2014 alisafishwa na tuhuma hizo na kupewa kamandi nyingine. Kwa askari aliyeko msituni, ujumbe ulikuwa wazi kwamba nafasi ya mtu hutegemea zaidi ukaribu wake na wakubwa kuliko anachokifanya vitani.

Katiba ya mwaka 2006 imeandikwa kwa uangalifu. Inamfanya rais kuwa amiri jeshi mkuu, inalitaka jeshi lisijihusishe na siasa na litii mamlaka ya kiraia, na inaharamisha kuunda makundi ya kijeshi nje ya jeshi la taifa, kosa linalohesabiwa kuwa uhaini mkubwa. Lakini pembeni ya jeshi hilo kimebaki Kikosi cha Ulinzi wa Jamhuri, kinachomlinda rais, chenye vifaa bora na kilichozoea kupokea maagizo kutoka ikulu. Tshiwewe mwenyewe alitokea katika uongozi wa kikosi hicho kabla ya kupewa majeshi yote. Sheria ya mwaka 2023 juu ya jeshi la akiba nayo imefungua mlango kwa makundi ya wenyeji yanayojiita Wazalendo. Makundi hayo yamepigana dhidi ya M23, lakini mengi yana makamanda wao wenyewe, na si rahisi kusema yanamtii nani siku vita vitakapokwisha.

Lipo pia suala la fedha. Kwa muda mrefu mishahara ya askari ilipitia mikononi mwa makamanda wao, na askari hewa walijaa katika orodha za vikosi. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000, ujumbe wa Umoja wa Ulaya ulisaidia kuwahesabu askari na kutenganisha njia ya malipo na njia ya amri. Hatua hiyo ilipunguza wizi, lakini haikugusa chakula, mafuta, risasi wala posho za vita.

Mwaka ambao amri ilikuwa moja

Wapo wanaosema kwamba mwanajeshi wa Kongo hajui kupigana. Mwaka 2013 unawapinga. Baada ya aibu ya Goma, vikosi vya Kivu Kaskazini viliwekwa chini ya Jenerali Lucien Bahuma, na maofisa kama Kanali Mamadou Ndala walipewa askari waliopatiwa mahitaji na amri iliyoeleweka. Vilisaidiwa na brigedi ya Umoja wa Mataifa yenye askari kutoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, iliyoongozwa na Brigedia Jenerali James Mwakibolwa wa Tanzania. Mwezi Novemba mwaka huo M23 ilishindwa, na wakazi wa Goma wakawashangilia askari wao barabarani. Ndala aliuawa karibu na Beni mwanzoni mwa Januari 2014, na Bahuma akafariki kwa maradhi mwezi Agosti mwaka huo huo. Mafanikio yao hayakugeuzwa kuwa utaratibu wa jeshi zima.

Ulinganisho na jirani wa mashariki unasaidia. Mwezi Januari 1964 askari wa Tanganyika nao waliwaasi maofisa wa Kiingereza, wakidai mishahara bora na vyeo kwa wananchi. Serikali ya Julius Nyerere ililivunja jeshi lile na kuunda jipya, Jeshi la Wananchi wa Tanzania, tarehe 1 Septemba mwaka huo. Tangu Sam Sarakikya hadi Jacob Mkunda, wakuu wa majeshi wamekuwa tisa, na hakuna hata mmoja aliyeipindua serikali. Utaratibu huo ulikuwa na bei yake: kwa miongo kadhaa jeshi lilifungamanishwa na chama tawala, hadi mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992. Lakini ulijengwa juu ya jeshi moja na amri moja. Kongo haikupata nafasi hiyo, kwani miezi miwili na nusu tu baada ya uhuru jeshi lilikuwa limeshaigeukia serikali.

Hofu ya Kinshasa si ya kubuni. Tarehe 19 Mei 2024 watu wenye silaha wakiongozwa na Christian Malanga waliingia hadi katika ofisi za rais. Rais yeyote wa Kongo ana haki ya kujilinda. Tatizo ni kwamba njia iliyotumika kwa zaidi ya miaka 60, ya kuligawa jeshi na kuweka kikosi imara kando ya ikulu, humlinda mtawala Kinshasa na kumwacha mkazi wa Rutshuru, Masisi na Fizi bila mlinzi. Pengo hilo limezibwa kila mara na wageni: Umoja wa Mataifa, Morocco, Ufaransa, Angola, Zimbabwe, jeshi la Afrika Mashariki lililokuja mwaka 2022 na kuondoka mwaka uliofuata, kisha jeshi la nchi za kusini mwa Afrika ambalo muda wake ulikatizwa mwezi Machi 2025.

Kwa hiyo, swali la nani anakalia kiti cha Mkuu wa Majeshi wa Kongo ni dogo kuliko linavyoonekana siku ya uteuzi. La uzito zaidi ni kama mtu huyo anaweza kuamuru kila mwenye bunduki upande wa serikali, akiwemo mlinzi wa rais na mpiganaji wa Wazalendo. Kama anajua idadi ya kweli ya askari wake na kwamba wamelipwa. Na kama ana muda wa kutosha kazini kabla vita vingine havijamng'oa. Hayo yanaweza kuwekwa katika sheria, kukaguliwa na bunge na kudaiwa katika kila meza ya mazungumzo ya amani. Yasipotimizwa, nchi jirani zitaendelea kuona matokeo yake kwenye vivuko vya mipakani, watu wakija na mikeka na vyungu vichwani, huku Kinshasa ikitangaza jina la jenerali mwingine.